Kozi ya maneno ya wakati kwenye Kikorea, wiki 8 kwa Zoom: nimemaliza, haya ndo niliyoyaona

Nimemaliza wiki iliyopita na kwa vile watu wananiuliza inbox kila siku kama inafaa au ni hela ya kutupa, naandika hapa mara moja wote msome. Kwanza muelewe siyo kozi ya Kikorea kuanzia sifuri, kama hujui kusoma Hangul, yaani herufi za Kikorea, hapa hautaelewa kitu. Ni kozi ya sarufi, na ndani ya sarufi ni kitu kimoja tu: namna ya kusema kipi kilitangulia, kipi kikafuata, vipi vilienda pamoja, na kipi kilikatizwa katikati. Wiki 8, Jumamosi na Jumatano, kila kipindi saa moja na nusu, bei laki moja na elfu themanini unalipa kwa simu kwa awamu mbili. Mwalimu ni dada Mtanzania aliyesoma chuo Busan, Korea, anafundisha kwa Kiswahili, na Jumamosi anakuwepo msaidizi Mkorea ambaye alisoma Kiswahili pale Hankuk University of Foreign Studies, kwa hiyo mnaongea naye Kikorea na ukikwama anakuokoa kwa Kiswahili, Kiswahili kizuri tu.

Mi nilikuja na miaka miwili ya kujifunza mwenyewe kwa simu. TOPIK I, yaani mtihani wa kupima Kikorea ngazi ya chini, nilipata level 2, nikajiona niko vizuri, nikafungua maswali ya TOPIK II, ngazi ya juu yake, nikakuta ukuta. Wanaojua ile karatasi ya kusoma wanajua maswali namba 13 hadi 15, unapewa sentensi nne zimechanganywa unaambiwa zipange kwa mfuatano wake. Maneno yote nilikuwa nayajua! Neno moja moja ukiniuliza nakwambia maana, lakini nani kamtangulia nani sioni, manake Kikorea jambo zima la kabla na baada limejificha kwenye mkia wa kitenzi na mkia wenyewe mi nilikuwa naupita tu kama mapambo. Hicho ndo kilichonipeleka kwenye hii kozi.

Kabla sijaingia kwenye masomo, niseme kitu ambacho mwalimu alituonyesha siku ya kwanza na hadi leo nakiwaza. Kipindi cha Jumamosi ni saa kumi jioni ya kwetu. Korea wako mbele yetu masaa sita, kwa hiyo kwao ni usiku, na saa yao inasoma 열 시, yaani kumi. Kumi kwa kumi! Sisi saa tunahesabu kuanzia alfajiri, wao kuanzia usiku wa manane na mchana katikati kama wengine, tofauti ya sita, na tofauti ya nchi nayo ni sita, basi namba zinakutana. Ikiwa kwetu saa moja asubuhi kwao ni 한 시 ya mchana, moja kwa moja. Na kwao saa hazisogezwi mbele na nyuma kufuata majira kama Ulaya, kwa hiyo ni mwaka mzima. Tukimaliza saa kumi na moja na nusu yule msaidizi anasema 열한 시 반 na ni kitu kile kile, ila yeye anaenda kulala na mi naenda kubandika chai. Nimeishi na app za Kikorea miaka miwili hakuna iliyowahi kuniambia hilo, na haiwezi kuniambia, kwa sababu app haijui kwamba mi nahesabu saa kwa Kiswahili.

Na ndo sababu kubwa ya mimi kuisifia hii kozi. Vitu vyote nilivyotumia mwanzo vinakufundisha Kikorea kupitia Kiingereza. Unapewa jedwali, huku mkia wa Kikorea huku neno moja la Kiingereza, mikia mitano inapewa neno lile lile, basi unakariri unachoka. Huyu dada jedwali hana. Anauliza maswali matatu tu na anayauliza wiki zote nane: tendo la kwanza lilikwisha au halijaisha? Mtendaji ni yule yule? Na tendo la pili limesimama juu ya lile la kwanza au kila moja liko kivyake? Ukijibu hayo mkia unajichagua wenyewe.

Wiki ya kwanza ni 기 전에, kabla. Hapa Waswahili wote tuliangukia shimo moja. Sisi tunasema "kabla hajaja", "kabla sijala", tunaweka kikanusho, na ina mantiki kwa sababu wakati huo kweli alikuwa hajaja. Sasa nusu ya darasa tukaandika 안 오기 전에, hiyo 안 ndo kikanusho. Yule msaidizi akasoma akanyamaza, halafu akasema taratibu, "naelewa mlikotoka, lakini kwetu hapo hamna kukanusha". Ni 오기 전에, basi. Halafu hakuna na njeo (alama ya wakati) pale, iwe jana iwe kesho ni 기 tu: 비가 오기 전에 집에 갔어요, mvua haijanyesha nikaenda nyumbani, 비가 오기 전에 갈 거예요, nitaenda kabla haijanyesha, mkia haubadiliki. Mwalimu wa Kiingereza asingelijua hilo kosa maana kwa Kiingereza halitokei.

Baada, 후에, ni kinyume. Kitenzi kinachokaa kabla ya 후에 lazima kivae ㄴ ya jambo lililopita hata kama unaongelea kesho. 먹은 후에 갈 거예요. Mi hiyo ilikuwa inanisumbua sana, sijala bado, iweje niseme 먹은? Mwalimu akasema wee mbona unasema "nikishakula nitaenda", hiyo -sha- imefuata nini pale na bado hujala? Nikakaa kimya. Ni kweli kabisa, -sha- inasema hadi kufikia hapo kula kutakuwa kumekwisha, na ㄴ inafanya kazi hiyo hiyo. Toka siku hiyo sijakosea tena. 뒤에 na 다음에 zinatumika vile vile kwa hiyo alizipitia kwa dakika kumi tukasonga, na 고 나서 nayo akaipa hiyo hiyo "nikishakula", ila ukiisema unasisitiza kwamba la kwanza lilikwisha kabisa ndo la pili likaanza.

Wiki ya tatu ndo ilinifanya nione hela yangu imerudi. 고 na 아서. Kiswahili tuna -ka- na ni tamu sana kwenye hadithi, nikaenda nikamkuta nikamwambia tukaondoka, inafuatanisha mambo basi, haiulizi mengine. Sasa nilimwambia yule msaidizi kuhusu wikiendi yangu, nikasema 친구를 만나고 영화를 봤어요, nilikutana na rafiki nikaangalia muvi. Akaniuliza, "ukaangalia na nani?" Nikashangaa, si nimeshasema na rafiki! Kumbe sijasema. Nilichosema ni kwamba nilikutana na rafiki, hilo likaisha, halafu muvi nikaangalia kivyangu. Nikitaka rafiki awe kwenye muvi nasema 친구를 만나서 영화를 봤어요, hapo kukutana ndo kumebeba kuangalia. Mwalimu akaongeza mfano ambao wanafunzi wote sasa tunautumia kama kipimo: embe unaliosha unakula, ni 망고를 씻어서 먹었어요, kwa sababu lililooshwa ndo lililoliwa. Mikono unaosha halafu unakula wali, ni 손을 씻고 밥을 먹었어요, kwa sababu mikono hukuila. Ukisema 손을 씻어서 hapo Mkorea anabaki anakusubiri umalizie. Mfano huo nimemfundisha mdogo wangu ambaye hata hasomi Kikorea na kaelewa.

Na mkumbuke 아서 haibebi njeo ya wakati uliopita, 만났어서 hamna, wakati uliopita unakaa kwenye kitenzi cha mwisho tu na wa mbele wote wanausubiri. Hii nayo Mswahili angetakiwa kuielewa haraka, -ka- si ndo hivyo hivyo, nilienda inabeba "li" na waliobaki wote wanapanda mgongoni, tofauti ni kwamba sisi njeo iko mbele na wao iko nyuma. Kwa hiyo ukimsikiliza Mkorea anasimulia jambo refu ni lazima umsubiri hadi mwisho ndo ujue ni jana au kesho. Mi nilikuwa nakata tamaa katikati ya sentensi, sasa nangoja.

Kuna 때, wakati. 갈 때 na 갔을 때. Kiswahili ukisema "nilipoenda Seoul" mtu hajui uko njiani au umeshafika, anakisia kwa maneno yanayofuata. Kikorea lazima uamue. Mwalimu akiwa mwanafunzi Busan alikuwa anapanda KTX, treni yao ya kasi, akatupa hizi mbili: 서울에 갈 때 기차에서 잤어요, nililala kwenye treni, kwa hiyo kwenda kulikuwa bado, na 서울에 갔을 때 비가 왔어요, nilikuwa nimeshafika mvua ikanikuta huko. Akatuambia tutafsiri "nilipoenda sokoni nilimuona mwalimu" na darasa likagawanyika nusu kwa nusu, kila mtu kaona picha yake, nusu wamemuona njiani nusu wamemuona anachagua nyanya. Hapo nilifurahi sana kwa kweli, nilikuwa sijawahi kufikiria kwamba lugha yangu inaniachia nafasi hiyo.

면서 na 동안 nazo mkae nazo vizuri. Sisi tuna "huku" na inachukua watu wawili bila shida, "nilipika huku mdogo wangu akifagia". Ukiipeleka kwenye 면서 umeharibu, 면서 inataka mtu mmoja afanye yote mawili, 음악을 들으면서 요리했어요, nilipika nasikiliza muziki, ni mimi na mimi. Wakiwa wawili unahamia kwenye 동안, 제가 요리하는 동안 동생이 청소했어요. Hili kosa nimelifanya miaka miwili na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu app inakupa nafasi ya kujaza neno moja tu, haikupi sentensi yako mwenyewe uiharibu ndo uone.

자마자 ni rahisi, nilipofika tu nikalala, 집에 오자마자 잤어요, njeo usiiweke, twende mbele. 는 길에 nayo rahisi ila ni ya vitenzi vya mwendo, 집에 가는 길에 우유를 샀어요, naelekea nyumbani nikanunua maziwa. ㄴ 지 ni muda uliopita tangu jambo, 한국어를 배운 지 2년이 됐어요, nina miaka miwili tangu nianze kujifunza Kikorea, na 지 hapo inaachiwa nafasi isigande na neno linaloitangulia, wanaoandika mtihani msisahau.

Sasa malalamiko, na la kwanza ni kubwa. 다가 imepewa kipindi kimoja cha mwisho wa wiki ya sita, tena kipindi ambacho nusu saa iliishia kwenye kusahihisha kazi za nyuma. Siyo haki. 다가 ndo mkia mgumu kuliko yote ya wakati, na kwa maoni yangu ndo mzuri kuliko yote. Ni jambo linaloendelea halafu linakatwa na lingine, 자다가 깼어요, nilikuwa nimelala nikashtuka. Hapo sawa. Lakini ukiitia wakati uliopita ndani maana inageuka: 학교에 가다가 집에 왔어요, nilikuwa naenda shule nikageuza njiani, shule sikufika. 학교에 갔다가 집에 왔어요, shule nilifika halafu nikarudi. Herufi moja tu ya chini na ni tofauti ya mtoto aliyeenda shule na mtoto mtoro! Kitu kama hicho unakipa dakika sitini? Nilimwandikia mwalimu, nikamwambia Mwalimu samahani, hii tumeikimbia, akakubali bila kujitetea na akatutumia voice note sita za wasap, ndefu, na mazoezi. Nimemshukuru. Ila voice note siyo darasa, huwezi kuinua mkono.

La pili, rekodi za vipindi. Tuliahidiwa rekodi ndani ya siku moja, mara nyingine zilikuja siku ya nne, na Jumatano ukikosa kwa sababu umeme umekatika Jumamosi unaingia kichwa kitupu. Mi naishi Mwanza na mwezi ule tulikatiwa mara tatu jioni. Halafu video zenyewe ni nzito, bando langu la wiki lilikuwa linaisha kwa rekodi mbili. Wangetoa sauti peke yake pembeni, sauti inatosha kabisa kwa kurudia, na notsi zao ziko vizuri za kufuatia.

La tatu tulianza watu 12 tukamaliza 19, waliongezwa wiki ya pili. Naelewa mtu anatafuta riziki, lakini sentensi zako kusomwa mbele ya msaidizi ndo moyo wa hii kozi, na tulipofika 19 kuna Jumamosi nilitoka sijaongea hata mara moja. Mama mmoja wa Tanga ambaye binti yake yuko kule kwa scholarship alilisema wazi kwenye grupu, na kwa heshima yake mwalimu akagawa Jumamosi makundi mawili kuanzia wiki ya tano. Kuanzia hapo ikawa nzuri tena.

Kusahihisha kazi za nyumbani kwa upande mwingine ni mia kwa mia. Unaandika aya moja kila wiki kuhusu siku yako, lazima utumie mikia mitatu ya wiki hiyo, na inarudi na wino mwekundu wa mkono, mwalimu anapiga picha. Hakatai sentensi bila kukwambia Mkorea angeielewa vipi. Kwenye aya yangu moja niliandika 앉고 있어요 nikimaanisha nimekaa, akaandika pembeni: hii ni kama uko hewani unajishusha kwenye kiti, ukisha kukaa ni 앉아 있어요, fikiria "anakaa" na "amekaa". Nikaelewa pale pale. Lakini akaonya nisilibebe hilo kila mahali, kwa sababu "amelala" ni 자고 있어요 na "amevaa" ni 입고 있어요, hapo -me- yetu hainifikishi. Napenda mwalimu anayekupa daraja na kukuonyesha linapoishia.

Yule msaidizi naye nimseme. Ana subira. Mwanzoni sikujua nimwiteje, nikasema 선생님, akasema yeye siyo mwalimu, basi kwa kuwa ni mkubwa kwangu nimwite 언니, dada. Nikamwambia hata kwetu ningekuita dada. Toka hapo nikawa sioni aibu kukosea mbele yake.

Nani achukue hii kozi? Kama una TOPIK I au unasoma aya fupi bila kutafsiri kila neno, njoo. Kama unaenda TOPIK II pia njoo, kwa sababu mbali na yale maswali ya kupanga sentensi, namba 1 hadi 4 za kusoma ni mikia mitupu, mbili unajaza pengo na mbili unachagua mkia wenye maana inayokaribiana, na level 3 inataka alama 120 tu kwenye 300 kwa hiyo hizo nne siyo za kuziacha mezani. Kama unachotaka ni kuongea na wateja au kuelewa tamthilia bila maandishi ya chini, anza kwingine kwanza, hii itakuchosha.

Mi bado sijafanya mtihani kwa hiyo sina alama za kuwaonyesha. Ila juzi nimerudia maswali ya 13 hadi 15 ya karatasi za zamani tatu, maswali tisa, nimepata saba, na mwezi wa kwanza wa kozi nilikuwa napata mawili kwa kubahatisha. Darasa lingine nimeambiwa wataanza mwezi ujao na 다가 imepewa vipindi vitatu. Mliokosa nafasi ulizeni kwanza mko wangapi kabla hamjalipa awamu ya pili, na mkilipa ombeni rekodi za sauti, tukiomba wengi watatoa.